Usilaumu Redio, Tazama Injini

Katika nyumba nyingi za pwani yetu redio ni kama mzee mmojawapo wa nyumba. Hupewa mahali pake pa heshima juu ya meza, hufunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na inapoanza kunena watoto huamriwa kunyamaza. Redio iliyofungwa ndani ya gari, hasa gari la siku nyingi, haikujaliwa heshima hiyo. Mara injini inapowashwa, sauti ya msemaji huzongwa na mlio mkavu wa ta-ta-ta-ta, ambao huzidi kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, hata mwishowe maneno yote huzama kama mtumbwi uliotoboka. Hapo dereva huipiga redio kofi, huikaripia, na akifika nyumbani humwambia mkewe kwamba redio imekufa. Leo napenda kuitetea redio hiyo, kwani mara nyingi haina ugonjwa wowote. Mgonjwa ni gari.

Sisi watu wa Mafia tunayo sababu yetu ya kulijali jambo hili. Kisiwa chetu kimekaa baharini mkabala na midomo ya mto Rufiji, na tangu zamani habari za bara zilitufikia kwa njia mbili tu: kwa chombo au kwa hewa. Chombo hungoja upepo, hungoja maji kujaa, hungoja na nahodha amalize shughuli zake. Hewa haingoji mtu. Kwa hiyo katika miaka ya Redio Tanzania Dar es Salaam, kisiwani kwetu hapakuwa na kipindi kilichosikilizwa kwa makini kama matangazo ya vifo. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake ng'ambo: binti aliyeolewa Temeke, kijana aliyekwenda kutafuta kazi Tanga, mzee aliyepelekwa bara kutibiwa. Muziki wa huzuni ulipoanza kupigwa, mchi ulisimama juu ya kinu na mwenye kula aliacha tonge mkononi.

Mwaka 1981 baba yangu alinunua Land Rover kuukuu ya Series III, yenye injini ya petroli ya silinda nne, ikavushwa kutoka bara kwa jahazi. Kazi yake ilikuwa kuchukua mbata na samaki wakavu kutoka vijiji vya upande wa kaskazini, kupitia Kirongwe hadi Kilindoni, na kurudi na sukari, sabuni na mafuta ya taa pale vilipopatikana. Ilikuwa pia gari la wagonjwa, gari la maharusi na gari la maiti. Ndani yake mlikuwa na redio ya masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo mama yetu aliipenda kuliko gari lenyewe.

Wasomaji wenye umri wataikumbuka hali ya miaka ile. Bidhaa zilikuwa adimu nchini kote, na miongoni mwa vilivyoadimika ni betri ndogo za tochi na redio. Watu walizianika juani wakitumaini zitarudiwa na uhai, lakini kwa kuwa kilichokwisha kimekwisha, redio za kijijini kwetu zililala kimya moja baada ya nyingine. Ikabaki redio ya gari. Hata hiyo ilikuwa na taabu yake, kwani betri ya gari ilikuwa imechoka, na redio isingeweza kunena kwa muda mrefu pasipo injini kunguruma. Petroli nayo ilikuwa haba. Basi baba akaweka utaratibu: wakati wa matangazo ya vifo injini itawashwa, watu watakusanyika kuizunguka Land Rover, na matangazo yakiisha injini itazimwa. Tatizo likawa wazi tangu siku ya kwanza: injini iliyokuwa ikiilisha redio ndiyo iliyokuwa ikiiziba mdomo.

Jioni moja ya mwaka 1983 tangazo lilisomwa, na kati ya ta-ta-ta za injini tukapata vipande vitatu tu: kwamba marehemu ni mwanamke, kwamba amefariki Dar es Salaam, na kwamba habari ziwafikie jamaa zake wa Mafia. Jina lilimezwa. Kijijini petu palikuwa na nyumba mbili zenye mwanamke mgonjwa Dar es Salaam, na moja ilikuwa yetu, kwa ajili ya shangazi yetu. Usiku ule vilio vilitoka katika nyumba zote mbili. Majirani hawakujua waende wapi kutoa mkono wa rambirambi. Wengine wakaenda kote kuwili, wakikaa kidogo hapa na kidogo pale, bila kuthubutu kutamka jina. Mama alikaa ukumbini mpaka alfajiri, kanga kichwani, asijue kama analia msiba wake au wa mwenzake. Siku ya tatu mashua iliingia Kilindoni na ukweli ukajulikana. Shangazi yetu alikuwa hai. Nyumba ya pili ndiyo iliyofiwa.

Sijapata kuona furaha yenye aibu kama ile. Mama hakuweza kushukuru kwa sauti, kwani kila shukrani yake ilikuwa kidonda kwa jirani. Alipotoka matangani alimwendea baba, akamwambia kwa utulivu: "Baba watoto, gari hili likiweza kubeba mbata lakini haliwezi kutuletea jina la marehemu wetu, basi halijatimia kuwa gari." Baba hakujibu. Asubuhi ya pili alimfuata fundi mmoja mzee, makanika wa Kilindoni, ambaye ujanani mwake alikuwa ameshughulika na injini za mashua na redio za meli. Mimi nilichukuliwa kwenda kushika tochi, na mengi ninayoyaeleza hapa chini niliyaanza siku ile, nikiwa nimesimama juu ya bampa.

Fundi hakuigusa redio hata kidogo. Alifungua boneti, akamwuliza baba kama anajua kwamba gari lake ni kituo cha utangazaji. Baba akacheka. Mzee yule hakuwa akifanya mzaha. Mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Hertz, ndiye aliyethibitisha katika miaka ya 1886 hadi 1888 kwamba cheche ya umeme ikiruka kati ya ncha mbili za chuma, mawimbi yasiyoonekana hutoka na kusambaa hewani. Baada yake Marconi alizitumia cheche za namna hiyo kupeleka simu za upepo, na kwa miaka mingi mitambo ya kupelekea habari melini ilikuwa mitambo ya cheche. Sasa, ndani ya injini ya petroli mna nini ila cheche? Umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri huingia katika koili. Pointi za disitributa zinapoachana, umeme ule hukatika ghafla, na koili hutoa nguvu inayozidi volti 10,000. Nguvu hiyo huruka pengo dogo kati ya rota na kifuniko cha disitributa, hukimbia katika waya, kisha huruka pengo la plagi na kuwasha mafuta. Kila mruko ni tangazo. Waya mrefu wa plagi huwa ndio mlingoti wa kituo hicho kidogo.

Matangazo hayo ni mengi kuliko mtu anavyofikiri. Katika injini ya silinda nne, cheche mbili huruka kila injini inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hizo ni cheche 3,000, yaani 50 kwa kila nukta. Ndiyo sababu mlio hupanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva. Nayo redio ya masafa ya kati hutambua sauti kwa kupima ukubwa wa mawimbi, jinsi yanavyopanda na kushuka. Cheche ikiongeza ukubwa huo kwa ghafla, redio haina njia ya kujua kwamba si neno la msemaji. Hulitamka kwa uaminifu kama ilivyolipokea. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza mwaka 1933 kwa mtindo mwingine, huu uitwao FM, ambao sauti hubebwa na mabadiliko ya kasi ya mtikisiko wa mawimbi, si ukubwa wake. Kwa hiyo redio ya FM huweza kukata vilele vya kelele bila kuikata sauti. Hata hivyo, mahali ambapo mawimbi ya kituo hufika yamedhoofu, kama ilivyo katika sehemu nyingi zilizo mbali na milingoti, kelele za injini huweza kupenya hata huko.

Mzee yule alipenda pia kutukumbusha kwamba vita hii ya injini na redio si ngeni kisiwani Mafia. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliiteka Mafia mwezi Januari 1915, wakatengeneza uwanja wa ndege hapa, na ndege zao zikawa zinavuka mlango wa bahari kwenda kuitazama manowari ile juu ya mikoko. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya delta, Arnold akituma kwa simu ya upepo habari za mahali makombora ya meli Severn na Mersey yalipoangukia, ili wapiga mizinga warekebishe shabaha. Ndege yao ilipigwa, injini ikaharibika, lakini Arnold aliendelea kutuma huku wakishuka, mpaka wakaangukia mtoni wakaokolewa. Königsberg ikaishia palepale. Katika miaka ile ilikuwa rahisi kwa ndege kutuma kuliko kupokea, kwani masikio ya msikilizaji yaliandamwa na mngurumo wa injini na cheche zake. Ilibidi wahandisi wafunike nyaya zote za cheche kwa ngozi ya madini ndipo redio ya ndege ikapata raha. Na kampuni ya Paul Galvin huko Chicago, iliyotoa redio ya gari kwa jina la Motorola mwaka 1930, ilipata taabu nyingi kwa kelele hizi hizi. Basi msomaji mwenye gari kuukuu asijione mnyonge. Amepewa mtihani walioufanya wakubwa.

Sasa tuje kwenye dawa. Fundi alisema, na nimeona kweli yake miaka yote, kwamba asiyepima ugonjwa hutibu kwa kubahatisha. Kipimo cha kwanza ni masikio. Gari likiwa limesimama, washa injini na redio, kisha kanyaga mafuta kidogo. Mlio wa ta-ta-ta unaofuata mwendo wa injini na kukatika mara moja swichi inapozimwa ni wa cheche. Mlio mwembamba wa kulia kama mbu, unaopanda na kushuka taratibu, ni wa alteneta. Mchakaro usio na mpango, katika magari yenye dainamo, mara nyingi hutoka kwenye kisanduku cha kukata umeme. Na mlio unaotokea wakati wa mvua tu waweza kuwa wa mota ya waipa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo mwenye dizeli asitafute ugonjwa huo. Atafute hiyo mingine.

Kipimo cha pili ni kuchomoa waya wa eriali nyuma ya redio, injini ikiwa inanguruma. Kelele zikinyamaza, zinaingia kwa njia ya eriali, yaani hewani. Zikiendelea, zinaingia kwa waya unaoipelekea redio umeme. Kipimo hiki hakigharimu hata senti moja, na humwokoa mtu na kununua vitu asivyovihitaji. Kwetu sisi kelele zilipungua lakini hazikukoma. Fundi akasema: "Wezi ni wawili. Mmoja apitia dirishani, mwingine mlangoni."

Wa dirishani alianza kushughulikiwa kwa msasa. Jambo hili wakazi wa visiwani wanapaswa kulishika sana. Eriali haifanyi kazi peke yake. Kitako chake sharti kigusane barabara na bodi la gari, ambalo ndilo ethi yake. Bodi la Land Rover limetengenezwa zaidi kwa aluminiamu, nalo limefungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Madini mawili yasiyofanana yakikutana penye chumvi na unyevu, huliana. Hewa ya Mafia ina chumvi mchana na usiku, na mbata na samaki huongeza yao. Chini ya kitako cha eriali yetu mlikuwa na unga mweupe kama muhogo uliochina. Fundi alikwangua rangi na unga ule mpaka madini yakang'aa, akakaza nati, akapaka grisi juu ili chumvi isirudi. Halafu akachukua utepe wa nyaya zilizosukwa, akaunganisha boneti na bodi, kwani boneti lisilo na ethi haliwezi kuzuia mawimbi ya injini. Badala yake huyapokea na kuyarusha. Utepe mwingine aliutoa kwenye injini akaufunga kwenye chesisi, kwa sababu injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kazi hiyo peke yake iliondoa karibu nusu ya kelele.

Kisha akaingia penye cheche zenyewe. Alifungua kifuniko cha disitributa akakipangusa kwa kitambaa kikavu, maana vumbi lenye chumvi hufanya njia ambayo umeme hupita ovyo. Alikagua pointi na rota kama zimeliwa, akapima mapengo ya plagi, kwani pengo lililopanuka kwa uchakavu hutaka nguvu kubwa zaidi na hutoa kelele kubwa zaidi. Usiku ulipoingia alituambia tuzime tochi, akawasha injini kwa muda mfupi. Gizani tukaona vijicheche vya buluu vikicheza juu ya nyaya mbili zilizopasuka, kama vimulimuli. Hapo ndipo palipokuwa pakivuja. Naomba msomaji atakayejaribu njia hii atazame tu kwa macho, asimame mbali, wala asiguse waya wowote injini ikiwaka. Na kama pana harufu ya petroli, asijaribu kabisa.

Nyaya zile zilikuwa za shaba tupu. Nyaya za shaba hupitisha mtikisiko wa cheche bila kizuizi chochote. Dawa yake ni ukinzani. Ziko nyaya za plagi zilizo na utambi wa kaboni ndani badala ya shaba, ziko kofia za plagi zenye kikinzani, na ziko plagi zenye kikinzani cha kama omu 5,000 ndani yake, ambazo watengenezaji wengi huzitambulisha kwa herufi R katika namba ya plagi. Mtu ataogopa kwamba ukinzani utaidhoofisha cheche. Haidhoofiki kiasi cha kuonekana, kwa kuwa umeme wa cheche ni mdogo sana ingawa volti zake ni nyingi. Kinachozuiwa ni ule mtikisiko wa kasi ambao ndio hasa utangazao redioni. Lakini kila dawa ina kipimo chake: ukiweka plagi za kikinzani, na kofia za kikinzani, na nyaya za kikinzani, vyote pamoja, waweza kuamka siku ya baridi na gari lisiwake. Anza na kimoja, sikiliza, kisha amua. Mwaka ule vitu hivyo havikupatikana kisiwani. Ilitubidi kungoja majuma kadhaa mpaka jamaa mmoja akatuletea kofia nne za kikinzani kutoka Dar es Salaam, zimefungwa katika leso kama vito.

Mwizi wa mlangoni alitibiwa kwa kondensa. Hiki ni kijikopo kidogo cha chuma chenye waya mmoja, ambacho huumeza mtikisiko wa umeme na kuupeleka kwenye ethi, huku kikiuacha umeme wa betri upite kwa amani. Kimoja cha maikrofaradi moja hutosha kwenye koili. Lakini hapa pana mtego. Koili ina ncha mbili ndogo: moja hupokea umeme kutoka kwenye swichi, na ya pili huelekea kwenye pointi za disitributa. Kondensa ya redio hufungwa kwenye ncha ya swichi tu. Ukiifunga upande wa pointi utaharibu mwenendo wa cheche, na pointi zitaungua. Kijikopo chenyewe kifungwe kwa bolti penye chuma safi, si juu ya rangi. Kondensa nyingine hufungwa kwenye ncha kuu ya alteneta, ile itoayo umeme kwenda kwenye betri. Wenye dainamo nao hufunga kwenye ncha kuu, kamwe si kwenye ncha ndogo ya fildi. Mwisho, waya wa umeme wa redio utolewe moja kwa moja kwenye betri, uwe na fyuzi yake karibu na betri, na upitishwe mbali na nyaya za plagi. Nyaya hizi mbili zikilala pamoja hunong'onezana.

Kofia zilipofika na kazi kumalizika, baba aliwasha injini mbele ya watu. Sitasema kwamba kimya kilikuwa kamili. Ukisikiliza sana uliweza kuisikia injini kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Lakini msemaji alinena, na majina yakasikika, la marehemu, la baba yake na la mahali alipozaliwa. Mwaka uliofuata jirani yetu alisikia kwa jina na kwa tarehe kwamba kaka yake amefariki Tanga na arobaini yake itasomwa siku fulani. Aliuza kuku wake na mkeka mmoja, akapanda chombo, akaiwahi arobaini ile. Mtu wa bara huenda asione ukubwa wa jambo hili. Mtu wa kisiwani anajua kwamba kumkosa maiti ni desturi ya bahari, lakini kuikosa arobaini pia ni kama kufiwa mara mbili.

Yako watu watakaoniambia kwamba mambo haya yamepitwa na wakati: Shirika la Utangazaji Tanzania limeshika mahali pa Redio Tanzania tangu mwaka 2007, habari za misiba siku hizi huja kwa simu ya mkononi, na magari mapya huzaliwa na plagi za kikinzani. Ni kweli. Lakini magari makuukuu bado yapo kisiwani na kwingineko, na maadui wapya wa redio wamezaliwa. Chaja ya simu ya bei rahisi inayochomekwa kwenye gari huweza kuitia redio mlio kuliko plagi nne, na baadhi ya taa za LED hufanya vivyo hivyo. Kipimo chake ni kilekile cha fundi wetu: chomoa kimoja kimoja, usikilize. Tena mwezi Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipoukaribia mwambao wetu na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa taarifa za mwenendo wake, hapakuwa na mtu Mafia aliyetaka kusikia neno moja moja. Mwenye chombo alitaka kujua saa, upande wa upepo na ukubwa wa mawimbi. Taarifa iliyopotea jina la siku si taarifa. Simu nayo ikiishiwa chaji, aliye na redio inayosikika garini huwa nuru ya mtaa.

Kwa hiyo nawasihi wenye magari ya siku nyingi, na hasa akina baba wanaokimbilia kununua redio mpya kila ya zamani inapokwaruza, waifungue boneti kwanza. Msasa, utepe wa ethi, kitambaa kikavu na kondensa moja havifikii bei ya redio, na kazi yake ni ya mchana mmoja. Asiyeifahamu vizuri injini amwite fundi, ampe sharubati, amwambie asiiguse redio. Na watoto waitwe washike tochi. Elimu ya namna hii haiandikwi sana vitabuni kwa lugha yetu. Hupita mkono kwa mkono, mzee akionyesha na mtoto akimulika. Fundi yule sasa ni marehemu. Habari za kifo chake tulizipata redioni, jina lake lote, bila neno kupotea.